Mlingoti wa Redio na Mizizi Yake

Mwenye leseni ya redio ya ridhaa, naye kiwanja chake ni kidogo, yafaa achague eriali ya wima. Hii ni bomba moja la alumini lililosimama, nalo hupeleka mawimbi pande zote.

Urefu wake hufuata wimbi. Robo ya wimbi la mita 20 ni mita 5, na ya mita 40 ni mita 10. Je, bomba moja litatumikiaje mawimbi mawili? Katikati yake hufungwa mtego, yaani koili na kapasita. Wimbi la mita 20 huzuiwa hapo. La mita 40 hupita mpaka kileleni.

Wengi hulitazama bomba wakaisahau ardhi. Kumbe nusu ya pili ya eriali ni nyaya zilizotandazwa chini kama mizizi. Mwaka 1937, huko Marekani, George Brown na wenzake wawili walitangaza majaribio yao ya nyaya 2, 15, 30, 60 na 113. Nyaya zikiwa chache, nguvu nyingi hupotea katika kuupasha udongo moto. Basi mwenye mita 80 za waya akate vipande 16 vya mita 5, wala si 4 vya mita 20.

Mwisho, tahadhari. Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za umeme, hata ukianguka usizifikie. Ukizigusa, aliyeushika aweza kufa papo hapo. Pima kwanza, ndipo uinue.