MZEE AKISINZIA MCHANA, TUULIZE USIKU ALILALAJE



Katika kikundi kimoja cha akina mama ninachotembelea kulikuwa na sheria: anayesinzia mkutanoni analipa faini ya shilingi 20. Sheria ilipopitishwa, hata mimi nilipiga makofi. Baada ya miezi mitatu mwekahazina akasoma daftari, tukaona karibu faini zote ni za mtu mmoja, nyanya wa miaka 70 na kitu. Watu wakacheka. Wengine wakasema ni uzee tu. Mmoja akanong'ona ati ni pombe. Nyanya alilipa, akanyamaza, kisha akaacha kuja.

Nilimfuata nyumbani, nikamwuliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumemwuliza: "Nyanya, usiku unalalaje?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi silali. Naenda choo mara tano, mara sita." Alikuwa na shida ya kuvimba miguu, na alikuwa amepewa tembe za kupunguza maji mwilini, moja kwa siku. Yeye aliimeza pamoja na chakula cha jioni, asije akasahau. Kumbe tembe hiyo hufanya kazi saa zinazofuata baada ya kumezwa, kwa hiyo usiku kucha alikuwa njiani. Tulirudi naye kwa zahanati, akaambiwa awe anaimeza asubuhi. Baada ya wiki mbili alikuwa mkutanoni, macho makavu, na kikundi kikamrudishia pesa zake.

Nimesimulia haya ili tuelewane jambo moja: kusinzia mchana ni ishara. Kazi yetu ni kutafuta sababu iliyo nyuma yake.

Je, si ni uzee tu?

Ni kweli usingizi hubadilika. Mzee husikia usingizi mapema jioni, huamka kabla ya jogoo, na usingizi wake ni mwepesi. Lakini mwili wake bado unahitaji kama saa 7 au 8. Kujilaza nusu saa baada ya chakula cha mchana hakuna ubaya. Bali mzee anayesinzia akiongea na watu au akila, ama aliyekuwa mchangamfu na sasa analala kutwa, huyo ana sababu.

Sababu za kutafuta

1. Usiku unaokatizwa. Choo cha mara kwa mara huletwa na sukari, tezi dume kwa wanaume, au dawa iliyomezwa saa mbaya. Pia maumivu ya viungo, kikohozi, au mjukuu mdogo anayelala naye kitanda kimoja.

2. Kukoroma na pumzi kukatika. Kuna watu ambao koo hujifunga usingizini. Anakoroma sana, ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akivuta hewa kwa nguvu. Hurudia hivyo usiku mzima bila mwenyewe kujua, na asubuhi anaamka amechoka.

3. Dawa. Piriton tunazonunua dukani kwa sababu ya mafua na kujikuna huleta usingizi. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za maumivu. Mwili wa mzee huondoa dawa polepole, kwa hiyo ya jana usiku bado inamlewesha leo.

4. Magonjwa ya ndani. Upungufu wa damu, sukari, moyo dhaifu, au tezi ya shingo iliyolegea. Hata nimonia kwa mzee inaweza kuja bila homa kali, akawa analala tu.

5. Huzuni. Aliyefiwa na mwenzake au kuachwa peke yake hulala mchana kwa kukosa la kuamkia.

6. Pombe. Inaleta usingizi upesi, halafu inauharibu usiku wa manane.

Wazee wa upande wa Busia na bonde la Lambwe huuliza kama ni malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena hapa Kenya. Tuanze na hizo sababu nyingine.

Usingoje kesho

Kimbilia hospitali kama usingizi umekuja ghafla na mzee ni mgumu kuamka, mdomo umepinda, au alianguka na kugonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Aliyemeza dawa ya sukari bila kula, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe chai yenye sukari nyingi mara moja, ikiwa anaweza kumeza, kisha umpeleke. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize tu.

Aliyelala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, mtoe nje kwanza apate hewa, kisha hospitali.

Kikundi kifanye nini?

Kwa siku 7, mjukuu anayejua kuandika aweke karatasi: mzee amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, anakoroma au la, amemeza dawa gani na saa ngapi, amesinzia wakati gani. Peleka karatasi hiyo zahanati pamoja na dawa zake zote kwa mfuko mmoja, hata zile za dukani. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe. Mwiteni pia mhudumu wa afya wa jamii. Tangu mwaka 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari.

Nyumbani, mzee aote jua la asubuhi, apewe kazi nyepesi, na chai na kahawa ziishie saa nane mchana.

Sura ya 3 ya Yoshua bin Sira inatuagiza kumvumilia mzazi hata nguvu na akili zake zinapopungua. Uvumilivu huo unaanza kwa kumwuliza swali kabla ya kumtoza faini.

Ya kujadili: Katika kikundi chetu, ni mzee gani ameacha kuja mikutanoni? Nani atamtembelea wiki hii?