Arubuni Humfunga Mwenye Yadi

Katika vijiwe vya Jangwani na Kariakoo kuna lalamiko lisilokwisha. Mchukuzi wa sokoni, baada ya kudunduliza kwa miaka, huenda yadi kununua gari dogo la mizigo, lile watu waliitalo kirikuu. Hupatana bei, hutoa arubuni, hupewa stakabadhi, huambiwa arudi wiki ijayo na salio. Akirudi, gari limekwenda kwa mwenye bei nono zaidi. Hurudishiwa fedha zake, tena kwa kubembeleza, na huambiwa hana dai jingine.

Sisi twasema dai analo.

Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka mapatano ya mali ya shilingi 200 au zaidi (kiasi hicho chenyewe chaonyesha umri wa sheria hii!) yathibitishwe kwa maandishi, au kwa mnunuzi kupokea sehemu ya mali, au kwa kutoa arubuni au sehemu ya bei. Basi arubuni si hisani aliyofanyiwa mwenye yadi. Ndiyo inayomfunga.

Na fidia ina kipimo chake. Tuseme walipatana shilingi milioni 14, na siku ya kukabidhiana gari la namna ile lauzwa milioni 16. Zile milioni mbili za tofauti ni haki ya mnunuzi, mbali na arubuni yake. Tena kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961, chamruhusu kudai hasara ambayo muuzaji aliijua tangu walipopatana.

Hatutamdanganya msomaji: gari likiisha kukabidhiwa mtu mwingine aliyelinunua kwa nia njema, ni vigumu kumnyang'anya. Dai ni juu ya muuzaji. Wala si rahisi kumshinda ikiwa fedha zilitiwa mkononi mwa dalali pasipo karatasi. Stakabadhi na itaje namba ya chesisi, bei yote na siku ya kukabidhiana.

Muuzaji aliyemhadaa mnunuzi aweza pia kushtakiwa kwa Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003. Na ndugu anayeogopa mahakama kwa sababu ya Kiingereza ajue kwamba tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Aende na stakabadhi yake.