‘Mali ikishauzwa hairudishwi’: Nani anambebea hasara mfanyabiashara wa mpakani?

KATIKA mitaa ya maduka ya jumla, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kikuubo jijini Kampala au Kamukunji jijini Nairobi, si ajabu kukuta karatasi ukutani yenye maneno machache: mali ikishauzwa hairudishwi. Wafanyabiashara wengi wanaovuka mpaka huyachukulia maneno hayo kama sheria ya nchi. Siyo. Ni sharti la mwenye duka, na nguvu yake mbele ya hakimu inategemea mlichokubaliana, kilichoandikwa, na muda uliopita kabla mnunuzi hajalalamika.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Bukoba aliyenunua pampu 40 za maji Kikuubo, akavuka Mutukula na kuwauzia wakulima pampu 25. Wiki mbili baadaye, wakulima 12 wanarudi dukani kwake na pampu zilizozima. Wanataka fedha zao. Akipiga simu Kampala, muuzaji anamkumbusha karatasi ya ukutani. Mtaji wake umekwama katikati.

Wewe si mlaji

Watu wengi wakisikia “haki za mlaji” hudhani zinamhusu kila anayenunua. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inamhesabu mlaji kuwa ni mtu anayenunua si kwa lengo la kuuza tena. Kwa tafsiri hiyo, wakulima wa Bukoba, ambao hawakununua pampu ili waziuze tena, wanaweza kuhesabiwa kuwa walaji na kumlalamikia mwenye duka aliyewauzia. Lakini mfanyabiashara wa Uganda au Burundi anayeshuka Kariakoo kufunga mzigo wa kwenda kuuza kwao hamo katika tafsiri hiyo.

Kenya imeipa haki hii uzito wa kikatiba. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, kupewa taarifa za kutosha, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki ilizozitoa hazifutwi na mkataba, hata kama mtumiaji alitia saini kuzikana.

Kinga ya mnunuzi wa jumla

Je, anayenunua ili auze hana kinga? Anayo, ila iko katika sheria nyingine. Kenya, Tanzania na Uganda zina sheria za mauzo ya bidhaa zenye asili moja, zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza. Uganda iliiandika upya sheria yake mwaka 2017. Sheria hizi haziulizi kama unanunua ili utumie au uuze.

Zinamtaka muuzaji atimize mambo makuu hata kama hamkuyataja. Bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa: ukiambiwa robota ni la daraja la kwanza, liwe hivyo. Ukinunua kwa maelezo kutoka kwa anayeuza bidhaa za aina hiyo, ziwe na ubora wa kuuzika. Na kama ulimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Ukinunua kwa kuonyeshwa sampuli, mzigo wote ufanane na sampuli.

Hata hivyo, kuna mitego mitatu. Kwanza, sheria hizo za mauzo zinaruhusu pande mbili kukubaliana kinyume. Karatasi ya ukutani ambayo hukuiona wala kuikubali ni jambo moja. Sharti lililo kwenye mkataba ulioutia saini ni jambo jingine. Usisaini karatasi ya lugha usiyoisoma kwa sababu tu gari linasubiri. Pili, ukikagua mzigo kisha ukapokea, kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha inakuwa vigumu kuidai. Tatu, ukiukalia mzigo muda mrefu bila kusema neno, au ukaanza kuuuza kama wako, unaweza kuhesabiwa kuwa umeupokea. Hapo unapoteza haki ya kuurudisha na unabaki na haki ya kudai fidia tu, ambayo mara nyingi huchelewa.

Ndiyo maana mfanyabiashara wa Bukoba anapaswa kusimamisha uuzaji wa pampu 15 zilizobaki siku ileile, azipige picha, aandike namba zake, na ampelekee muuzaji taarifa ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ni bora kuliko simu kumi zisizo na kumbukumbu.

Kwa wanaofanya biashara na Goma, Bukavu au Uvira, hesabu ya siku iko wazi zaidi. Kongo ilianza kutumia sheria za OHADA mwaka 2012, na mauzo kati ya wafanyabiashara yanafuata sheria hizo. Kasoro inayoonekana lazima mnunuzi amjulishe muuzaji ndani ya mwezi mmoja tangu kukabidhiwa mzigo. Kasoro iliyojificha ina mwaka mmoja tangu ilipogunduliwa au ilipopaswa kugunduliwa. Muda huo ukipita, dai limekufa.

Mpaka ukikataa mzigo

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, likiwamo la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Tukio lile liliacha swali ambalo mikataba mingi ya mdomo hailijibu: mzigo ukikataliwa mpakani, hasara ni ya nani?

Kwa kawaida ya sheria za mauzo, hatari hufuata umiliki. Mkikubaliana juu ya mzigo maalumu ulio tayari kuchukuliwa, umiliki unaweza kuhamia kwa mnunuzi palepale ghalani, hata kabla lori halijawasha injini. Mkitaka iwe vinginevyo, andikeni: nani anapima, nani analipia cheti, na fedha zirudi vipi mzigo ukikwama. Mistari mitatu inatosha.

Dai likafunguliwe wapi?

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha haiamui ugomvi wa pampu. Mwananchi huifikia kupinga sheria au hatua za serikali na taasisi za Jumuiya zinazokiuka Mkataba. Dai dhidi ya muuzaji hufunguliwa kwa urahisi zaidi pale alipo yeye na mali yake.

Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni za Kenya, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Uganda ina utaratibu kama huo kwa madai yasiyozidi Sh10 milioni za Uganda, bila mawakili. Tanzania, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madeni ya mikataba ya kiasi kidogo, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Kote huko hakimu ataomba vitu vilevile: risiti yenye jina la duka, makubaliano, hati ya forodha inayoonyesha mzigo ulivuka lini, na taarifa ya kasoro. Aliyepitisha mzigo njia ya panya ili kukwepa ushuru hukosa hati ya tatu, na bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba pampu mbovu zilizo mbele ya hakimu ndizo zilizotoka katika duka lile.