Yatima Si Mjinga

Husemwa mtoto maskini hushindwa masomoni kwa kukosa karo na vitabu. Ni kweli, ila msiba nao humrudisha nyuma, kwani nyumba yenye ukata haina wa kumliwaza.

Utafiti wa saikolojia uliofanywa Bungoma na Moshi, ukachapishwa mwaka wa 2020, ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi. Washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Baada ya vikao 12, watoto wa Bungoma walipata nafuu kubwa. Baadaye walimu wa huko nao walifunzwa kazi hiyo.

Kitale si mbali. Sisi walimu wa hapa tufunzwe pia, tena tupunguziwe vipindi. Kabla ya kumwita yatima mkia wa darasa, tumwulize ana nini moyoni.