Uzamili wa ustawi wa jamii: ada inatajwa, muda hautajwi

Ofisa ustawi wa jamii anayeishi Mafiga, Morogoro, na kufanya kazi halmashauri, hospitalini au kwenye mradi ana njia tatu za kupata shahada ya uzamili. Anaweza kupanda gari au treni kwenda kusoma Dar es Salaam mwisho wa wiki, anaweza kujisajili kwenye masomo ya masafa, au anaweza kuomba ruhusa ya masomo akakae chuoni. Njia ya tatu wengi wanaisifu na wachache wanaipata, kwa sababu inahitaji jina liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na mwajiri awe na mtu wa kushika nafasi. Kwenye kata na vituo vya afya vyenye ofisa ustawi mmoja, mtu huyo hayupo. Soko basi limebaki kwenye njia mbili za kwanza.

Morogoro haina njaa ya vyuo. Kuna kikubwa cha kilimo chini ya Uluguru, kingine barabara ya Iringa, na vya taasisi za dini mjini. Hata hivyo, waliozungumza na gazeti hili wanasema wanapotafuta uzamili wa ustawi wa jamii wenyewe, si wa maendeleo ya jamii wala sosholojia, macho yao yanakwenda Dar es Salaam. Huko, Kijitonyama, ndiko kiliko chuo kikongwe cha serikali cha fani hii, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Ofisa mmoja wa serikali anayefuatilia elimu ya juu, ambaye hakutaka kutajwa, anasema tatizo la umbali limekwisha. Namba anayoirudia ni 13,000, nauli ya daraja la kawaida ya treni ya mwendokasi kati ya Morogoro na Dar es Salaam, iliyoanza kubeba abiria Juni 14, 2024. Kwa hesabu yake, mtumishi wa Morogoro sasa anasoma Dar es Salaam sawa na anayeishi Kibaha.

Nauli hiyo ni ya kweli, na treni imebadilisha mengi. Basi kutoka Msamvu hadi Mbezi huweza kumaliza saa nne au zaidi foleni ikikaza. Treni inatumia chini ya saa mbili. Lakini stesheni iko Kihonda, na mkazi wa Mafiga anavuka mji mzima kwa bajaji au daladala mbili kuifikia. Akishuka Dar es Salaam bado hajafika Kijitonyama. Kwenda na kurudi kwa treni peke yake ni shilingi 26,000. Kwa wiki 30 za darasani kwa mwaka, ni shilingi 780,000. Hapo hajala, hajalala kwa mtu Jumamosi, wala hajapanda bajaji. Kiasi hicho hakionekani popote kwenye orodha ya ada za chuo, na ofisa wetu hakukigusa.

Muda unauma kuliko nauli. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu nchini, uzamili una krediti zisizopungua 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, kuhudhuria na kufanya kazi za chuo. Hizo ni saa 1,800. Anayetaka kumaliza kwa miezi 18 anatakiwa kupata saa 23 kila wiki. Kwa miaka miwili, kama 17. Darasa la Jumamosi na Jumapili likitoa saa 12, zilizobaki zinatoka usiku, baada ya mashauri ya ndoa, ya matunzo ya watoto na ya wagonjwa waliotelekezwa wodini. Masomo ya masafa, ambayo yalipata chuo chake cha umma kwa sheria ya mwaka 1992, yanaondoa safari. Saa zenyewe zinabaki palepale.

Anayeyaona haya kwa karibu ni mwenye steshenari mmoja wa Mafiga, na malalamiko yake ni marefu. Anasema zamani mwanafunzi wa masafa alikuwa mteja wa uhakika: aliprinti moduli, akatoa fotokopi za mitihani iliyopita, mwishoni akajalidi tasnifu. Sasa vitini vinasomwa kwenye simu na kazi zinatumwa mtandaoni, kwa hiyo steshenari imebakiwa na dodoso za utafiti na barua za kuomba ruhusa. Wateja wa uzamili wanachukua kwa mkopo hadi mshahara utoke, na wengine daftari lake la madeni linawabeba muhula hadi muhula.

Linalomkera zaidi ni jingine. Anasema wanamjia watu waliomaliza masomo ya darasani, wamekwama kwenye tasnifu, wakiuliza kama anamjua mtu wa kuwaandikia. Hawaiti huo udanganyifu, wanauita msaada. Kwa maelezo yao, msimamizi yuko Dar es Salaam, hajibu kwa wiki kadhaa, na siku anayopatikana ni ya kazi. Mfanyabiashara huyu anasema amekataa, na kwamba kukataa kumempotezea wateja waliokwenda kwingine. Hatuna njia ya kupima ukubwa wa biashara hiyo. Ila hakuna aliyezungumza nasi aliyeshangaa kuisikia.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo inapitwa haraka kwenye matangazo ya masomo. Marekani, viwango vya ithibati vinataka saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo kwa uzamili wa fani hii. Programu za hapa hutofautiana, na zingine zinaegemea zaidi utafiti. Mwajiriwa anajiuliza kama ofisi yake inaweza kuhesabiwa kuwa fildi. Kitaaluma inawezekana pale kazi anayopewa ni mpya na anayemsimamia si bosi wake wa kila siku. Bila hayo, atakuwa amelipa ada ili afanye kazi ileile aliyoifanya jana. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, taarifa ya ofisa ustawi inaweza kuamua mtoto akae na nani. Mtu akipata uzamili bila usimamizi wa kweli, hasara si yake peke yake.

Malipo ya baadaye yana ukungu. Serikalini, kupanda daraja kunafuata muundo wa utumishi, muda kazini na upimaji wa utendaji. Cheti cha uzamili hakipandishi mshahara chenyewe. Mwenye deni la elimu ya juu tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na akikopa benki kulipia ada, kanuni ya kubaki na theluthi moja ya mshahara inamfikia mapema. Kwenye miradi, uzamili ndio uliokuwa ukifungua nafasi za usimamizi. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na miradi ya watoto walio katika mazingira magumu ikatikisika nchi nzima. Waliokuwa wakilipa ada kwa mshahara wa mradi walibaki katikati ya programu.

Maofisa wanasema mahitaji yataongezeka, wakitaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18 na ahadi ya kufikisha ofisa ustawi kila kata. Mahitaji yapo, hilo mtu yeyote aliyekaa kwenye ofisi ya ustawi siku moja analijua. Bajeti ya kuajiri ni jambo lingine, na huenda ikachelewa kuliko mhitimu anavyoweza kusubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, muulize anayekusajili nani atasimamia tasnifu yako na anapatikana siku gani, na fildi itafanyika Morogoro au Dar es Salaam. Majibu hayo yadai kwa maandishi.