Kani Mbili Zibebazo Chombo Majini

Mtumbwi uvukao kutoka pwani ya Muleba kwenda kisiwa cha Bumbire, na meli ing'oayo nanga Bukoba kuelekea Mwanza, hutii kanuni moja. Kila chombo kinachoelea hukabiliwa na kani mbili. Ya kwanza ni uzito, yaani mvuto wa dunia unaokivuta chini pamoja na watu na shehena yake. Ya pili ni msukumo wa maji, unaokiinua. Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alieleza kwamba msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na chombo.

Tuseme mtumbwi una kilo 300, watu 10 wenye kilo 60 kila mmoja, na mizigo ya kilo 300. Jumla ni kilo 1,200. Mtumbwi utadidimia mpaka usukume kando lita 1,200 za maji ya ziwa, kwa kuwa lita moja ina takribani kilo moja. Hapo kani mbili huwa sawa, nao hutulia. Mizigo ikiongezwa, hudidimia zaidi, na ukingo hukaribia mawimbi.

Hata hivyo, usawa huo pekee hautoshi. Uzito hupitia katika kitovu cha uzito wa chombo, na msukumo hupitia katikati ya nafasi ya maji yaliyosukumwa. Chombo kikiinama, msukumo huhamia upande ulioinama. Mizigo ikiwa chini, kani hizo hukizungusha na kukirudisha wima. Ikiwa juu mno, kitovu cha uzito huupita mstari wa msukumo, na kani zile zile hukipindua. Watu wale 10 wakikimbilia upande mmoja, kila mmoja akisogea meta 1, kitovu cha uzito wa mtumbwi mzima husogea nusu meta.

Jaribio laweza kufanywa darasani. Kopo lielezwe katika beseni la maji, likiwa na mawe machache chini yake, kisha liinamishwe kidogo: litarudi wima. Halafu mawe yale yale yawekwe juu ya kipande cha ubao kilicholazwa mdomoni mwa kopo. Uzito wa mawe haukubadilika, lakini sasa kopo hupinduka kwa kuguswa tu.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430, lakini ilibeba wengi zaidi, na watu zaidi ya 800 walikufa. Baada ya kupinduka haikuzama mara moja, kwa maana hewa iliyonaswa ndani ilizuia maji kuijaza. Tundu lilipokatwa ili kuwaokoa waliokwama, hewa ilitoka kwa nguvu, maji yakapanda ndani, na uzito ukaushinda msukumo.

Kwa hiyo nahodha anapoagiza magunia yashushwe chini, abiria waketi, na waliozidi wabaki gatini, hana ukali wa bure. Anapanga mahali pa kani mbili, nazo hazimsamehi anayezisahau.