Ugomvi wa Watoto Usiuzime Upesi

Watoto wakicheza gololi kwenye uwanja wa mchanga, iwe Mlandizi, Visiga au kule Maneromango, hapa mkoani Pwani, mabishano huchukua muda mrefu kuliko mchezo. Fulani amesogeza mkono mbele. Gololi imegonga mzizi wa mwembe, sasa irudiwe au isirudiwe? Yule mdogo amechukua tatu badala ya mbili. Mtu mzima anayepita akisikia kelele hizo hutaka kuzikata palepale: acheni, au nazichukua zote. Namwomba asubiri kidogo, kwa sababu pale mchangani ndipo mtoto anapojenga fahamu yake ya haki, na mahubiri yetu hayawezi kuijenga kwa niaba yake.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, naye alianza na gololi katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya watoto. Alijifanya hajui kucheza, akawaomba watoto wa Geneva na Neuchâtel wamfundishe. Wa miaka mitatu, minne, waliiga mikono ya wakubwa lakini kila mmoja alicheza kivyake, na mwisho wote walikuwa washindi. Kuanzia miaka saba au minane walitaka kushindana kweli, hivyo wakahitaji sheria moja kwa wote, ingawa bado hawakuelewana vizuri sheria hiyo inasemaje. Wa miaka 11 au 12 waliijua kila kanuni, na walijua pia kwamba kanuni hubadilishwa wote wakikubali. Linalonigusa zaidi ni kwamba wale wadogo, waliokuwa wakivunja sheria kila mara, ndio walioshikilia kwamba sheria haibadiliki kamwe, imewekwa na baba au na Mungu. Mdogo huiheshimu sheria ya mkubwa kwa mdomo. Ile aliyoibishania na wenzake mpaka wakaafikiana ndiyo huifuata.

Piaget aliwasimulia pia visa viwili. Mtoto ameitwa kula, anafungua mlango, kumbe nyuma yake kuna vikombe 15, vyote vinavunjika. Mwingine anapanda kiti kuiba jamu kabatini, anavunja kikombe kimoja. Nani amekosa zaidi? Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15, maana amevunja vingi. Wakubwa wao walitazama nia.

Sasa tujiangalie wenyewe. Binti wa miaka saba pale Kongowe anamsaidia mama yake kuosha vyombo, beseni linamponyoka, glasi tatu zinavunjika. Kaka yake anavunja moja akidokoa sukari. Nani atachapwa zaidi? Katika nyumba nyingi hasira hupanda kwa kadiri ya hasara. Hapo mzazi anahukumu kama mtoto wa miaka mitano, na binti aliyekuwa anaanza kutofautisha bahati mbaya na makusudi anafundishwa kwamba tofauti hiyo haina maana.

Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto anayepigwa bila kuelezwa hujifunza jambo moja kwa ufasaha: kuangalia nani anamwona. Mwalimu akitoka darasani, maadili yanatoka naye.

Na kuangalia nani anamwona si ustadi mdogo. Mtazame mtoto wa miaka mitatu kwenye kombolela: anafunika macho yake kwa viganja na kuamini kajificha, akiitwa anaitika. Akifika miaka mitano au sita mambo ni mengine. Anawaza mlinzi anaona nini, anadhani nini, atageukia wapi. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner wa Austria walibuni jaribio maarufu la jambo hili: chokoleti inahamishwa mwenyewe akiwa hayupo, kisha mtoto anaulizwa mwenyewe atakwenda kuitafuta wapi. Mwaka 1991 watafiti wengine walilifanya kwa Wabaka wa misitu ya Kameruni, wakitumia kokwa za embe pori zilizokuwa jikoni. Watoto wa miaka mitano ambao hawakuwahi kukaa darasani walijibu sawasawa. Uwezo huo hukua penye watu, hausubiri shule. Katika kombolela unakwenda mbali zaidi: aliyebaki peke yake mafichoni, salama kabisa, anaamua kutoka mbio apige kopo ili walioshikwa wote wawe huru.

Mabibi nao wana darasa lao. Bibi wa Kizaramo akimwita mjukuu wake mume wangu na kumdai hela ya mboga, mtoto wa miaka mitatu hulia au hukana kwa uchungu. Wa miaka sita humjibu, “Nimekuacha, hupiki vizuri.” Ameshatambua kwamba maneno ni kitu kimoja na anachokusudia msemaji ni kingine. Utani huu ni malezi kamili ya akili, na nasikitika kuona wajukuu wengi siku hizi wanamwona bibi sikukuu hadi sikukuu.

Usawa nao una safari yake. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watoto wa nchi saba, Uganda ikiwemo, waliokuwa na hiari ya kukataa mgao usio sawa. Kote, mtoto alifika umri wa kukataa anapopunjwa. Kukataa anapopendelewa yeye kulijitokeza kwa wakubwa wa nchi tatu tu: Kanada, Marekani na Uganda. Kwa hiyo kuchukia kupunjwa kunakuja karibu kwenyewe, ila kuchukia kumpunja mwenzako kunategemea mtoto amelelewa kwenye mazoea gani. Mama wa Kisarawe anayemwambia mkubwa agawe mihogo, naye achukue wa mwisho, anayajenga mazoea hayo kila jioni.

Tangu sera ya elimu ya mwaka 2014, mwaka mmoja wa darasa la awali ni wa lazima, na Desemba 2021 serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi na makuzi ya watoto hadi miaka minane. Nafurahia hatua zote mbili. Hofu yangu ni mtoto kukaa kimya siku nzima akiitikia kwa pamoja. Kibaha viwanja vinajengwa hadi ukutani, basi la shule linapita alfajiri, jioni kuna tuisheni. Muda wa kubishana umekwenda wapi?

Mkubwa anayo kazi, ila ni kazi ya kudokeza. Katika mkoa huuhuu wa Pwani, kwenye shule za Bagamoyo, watafiti Robert Sternberg na Elena Grigorenko waliwapima watoto, wakawafundisha mbinu kwa muda mfupi, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili zilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za kwanza. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kufanya hivyo kwa jambo dogo kama zamu za kufagia. Awaachie wapange wenyewe. Wiki ya kwanza wavivu watakwepa na wapole watafagia mara mbili. Ijumaa awaulize nani ameumia, halafu wapange upya.